Nyumba ina wageni, riwaya imesimama sura ya tisa

Tangu Novemba barua nyingi za safu hii zinatoka kwa watu wanaoandika hadithi huku wakijiandaa kusafiri au kupokea wageni wa mwisho wa mwaka. Tumechagua tano. Majina hatuyataji, kama wenyewe walivyoomba.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Dodoma. Riwaya yangu imefika maneno 32,000, sura ya tisa. Tarehe 20 Desemba tunakwenda Rombo, tunarudi tarehe 4 Januari. Kila mwaka nikirudi nakuta hadithi imenitoka kichwani. Naanza kuisoma mwanzo, naona makosa, naandika upya sura ya kwanza. Hiyo nimeshaiandika mara tano, na ya kumi sijaigusa. Nifanyeje?

Mwalimu, hizo siku za Rombo hazina kosa. Tazama unavyoiacha hadithi na unavyoirudia. Wengi hujibana wamalize sura kabla ya kufunga mabegi, wakiona ndiyo kuacha kazi safi. Sura iliyokamilika haina pa kushika. Ukirudi huoni pa kuingilia, kwa hiyo unazunguka mpaka ukurasa wa kwanza, na ukifika pale kazi ya kusahihisha haiishi.

Mwaka huu acha katikati ya tukio, na kama unaweza, katikati ya mazungumzo: mmoja kauliza, mwenzake hajajibu. Jibu unalo, ila usiliingize kwenye mswada. Chukua karatasi nyingine, nusu ukurasa tu, uandike mambo manne: watu wa tukio hilo wako wapi hasa, kila mmoja anataka nini muda huo, nani anajua lipi na nani halijui, na sentensi inayofuata, neno kwa neno. Itakuwa hivi:

*Sura ya 9. Saa moja usiku, umeme umekatika. Kibarazani. Mama amekalia ndoo iliyofudikizwa. Elia amesimama, hajavua viatu. Mama anataka akae ale. Elia anataka hati ya shamba. Mama anajua hati iko kwa baba mdogo, Elia hajui. Inayofuata: "Vua viatu kwanza," mama akasema, "ndiyo uniulize habari za makaratasi."*

Jambo la tatu, la nani anajua nini, ndilo linalosahaulika upesi kuliko mengine, na ndilo linaloharibu riwaya vibaya zaidi. Mhusika anashtushwa sura ya 12 na habari aliyopewa sura ya 7, na msomaji hasamehi. Pamoja na karatasi hiyo andika orodha ya sura, mstari mmoja kwa kila sura: nani alifanya nini, na nini kikabadilika. Sura tisa, mistari tisa. Sura isiyopata mstari wake ujue haina tukio. Iwekee alama uendelee.

Sasa piga hesabu ya siku kwa ukweli. Kuanzia tarehe 20 hadi 4 ni siku 16. Toa mbili za njiani, toa tarehe 24, 25, 26, 31 na 1, maana mbele ya ndafu na ndugu waliotoka kila kona hakuna atakayekuacha ukae na daftari, na si haki kujaribu. Zinabaki 9. Ukiandika maneno 200 kwa siku, kazi ya dakika 25 hivi, unarudi na 1,800, na hilo ni tukio zima. Anayejiwekea maneno 1,000 kwa siku likizoni hushindwa siku ya kwanza, ya pili anajuta, ya tatu haandiki kabisa.

Ukisharudi, ukurasa wa kwanza usiufungue. Soma orodha, soma ile karatasi, soma kurasa tano za mwisho, kisha andika ile sentensi uliyoiweka akiba. Kosa la sura ya kwanza likikujia, liandike kwenye ukurasa wa marekebisho pamoja na namba ya ukurasa wake, ulifikie siku rasimu nzima imekwisha.

Mke wangu analalamika kwamba wageni wakija mimi najifungia kuandika. Nimwambieje? (Msomaji, Iringa)

Mwambie kabla wageni hawajafika, na umpe saa ya kuanza na saa ya kutoka: unaingia saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na mbili umetoka na wewe ndiye unayebandika maji ya chai. Kinachokera ni muda usiojulikana mwisho wake. Saa za kula na za kusindikiza wageni usiziguse kamwe.

Ni mwanafunzi wa chuo, nyumbani ni Buguruni. Vyumba viwili, na Desemba tunakuwa watu kumi na moja. Sina kompyuta, naandika kwenye simu. Kila nikiishika nasikia "weka simu, njoo usaidie." Kuna njia?

Ipo, nayo ni daftari. Mtu mwenye simu machoni pa watu anachati. Mwenye daftari anasoma, na nyumba nyingi zinamheshimu anayesoma. Nunua kaunta buku moja, andika upande wa kulia tu, upande wa kushoto uachie masahihisho na maneno utakayoyakumbuka baadaye. Daftari halisubiri umeme urudi, na hakuna ujumbe unaoingia katikati ya sentensi.

Ugumu wa daftari ni kujua umeandika kiasi gani, kwa hiyo lipime mwandiko wako mara moja. Hesabu maneno ya mistari kumi uliyoijaza, gawa kwa kumi, zidisha kwa mistari ya ukurasa. Ukiwa na wastani wa maneno 8 kwa mstari na mistari 30, ukurasa wako ni maneno 240. Kuanzia hapo unahesabu kurasa tu. Hadithi fupi ya maneno 2,400 ni kurasa kumi. Kwa nusu ukurasa kila siku inakwisha kwa siku ishirini.

Muda mzuri kwako ni kabla nyumba haijaamka. Jioni usiitegemee. Jioni ya nyumba yenye watu kumi na moja ina maji ya kuchota, vyombo vya kuosha na watoto wa kuogesha, na ukijificha lawama ni halali. Mchana ukiwa dukani au kwenye foleni, tumia simu kurekodi sauti: sema mazungumzo ya wahusika kama yalivyokujia, kwa sauti zao. Sharti ni uyaandike usiku uleule. Rekodi zikifika sita au saba hazisikilizwi tena, zinakaa tu.

Kila usiku piga picha kurasa za siku hiyo ujitumie kwa barua pepe, kwani daftari humwagikiwa chai, watoto huchana kurasa, na simu huibiwa stendi. Januari utakapoingiza kazi kwenye simu, zima kwanza usahihishaji wa maneno. Kibodi iliyowekewa lugha nyingine itakubadilishia maneno ya Kiswahili bila kukuuliza, na kosa la namna hiyo ni gumu kuliona kwa sababu neno lililowekwa nalo ni neno kamili.

Niko Unguja. Sikukuu ya Idd iliyopita shangazi yangu aliisoma hadithi yangu akajitambua. Jina nilibadilisha! Tangu hapo haniongeleshi, na mimi sijui tena niandike nini, maana hadithi zangu zote zinatoka nyumbani.

Kwanza la nyumbani. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe, wala usisubiri sikukuu nyingine. Ukishampa shikamoo, usimfafanulie fasihi. Mwambie umejua kwamba umemuumiza, umsikilize mpaka amalize.

La kazi ni hili: kubadilisha jina ni kubadilisha kitu kimoja, tena kile kidogo kuliko vyote. Mtu hutambulikana kwa mambo matatu yakikaa pamoja: shughuli yake, mkasa wake na namna anavyosema. Shangazi anayeuza mandazi, aliyeachwa na mume aliyekwenda Maskati, mwenye kusema "mimi simo" kila baada ya kusengenya, huyo mtaa mzima unamjua hata ukimwita jina la kigeni. Vunja utatu huo. Msemo mpe mzee mwanamume, fundi wa majahazi. Mkasa mpeleke kwa msichana wa miaka 22 anayeishi Tanga, na mume awe amekwenda machimboni. Mandazi yaache kabisa. Utashangaa: ukimpa mkasa mtu mwingine itabidi utafute sababu mpya ya kila kitendo, na hapo ndipo hadithi inapoanza kuwa yako.

Kuna mambo hata ukiyageuza hivyo tunakushauri uyaache mpaka wenyewe wakuruhusu: ugonjwa wa mtu aliye hai, swali la nani baba wa mtoto, na mirathi ambayo bado iko kwa kadhi.

Na siku za Idd zenyewe, nne kwa huko kwenu, watu wakipita nyumba kwa nyumba, ni darasa ambalo hakuna kitabu kitakachokupa. Usikusanye siri. Kusanya mazungumzo yanavyokwenda. Sikiliza wazee wanavyolipokea swali: mara nyingi hawalijibu, wanauliza jingine. "Mbona huyu hajaja?" "Kwani nyinyi mmefika saa ngapi?" Hapo pana ugomvi mzima na hakuna aliyeutaja. Andika sentensi mbili au tatu za namna hiyo ndani ya saa moja, kama zilivyosemwa, kwa lafudhi yake. Ukisubiri usiku utakumbuka maana na maneno yatakuwa yamepotea, na kwa mwandishi wa hadithi maneno ndiyo yenye thamani.

Novemba nimeandika maneno 50,000 kwa ule mtindo ulioanzia Marekani, NaNoWriMo, wa kuandika rasimu ya riwaya ndani ya mwezi mmoja. Desemba nina wiki tatu za likizo. Nirekebishe vipi ili Januari nitume kwa mchapishaji? (Msomaji, Eldoret)

Hongera, maneno 1,667 kwa siku kwa siku 30 si mchezo. Mtindo huo ulianza San Francisco mwaka 1999, ukahamia Novemba mwaka uliofuata. Shirika lililousimamia lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafunga, lakini hesabu ya 1,667 haihitaji shirika.

Januari usitume. Rasimu ya namna hiyo huwa na alama za mbio: majina yanabadilika njiani, wahusika wanazungumza ili ukurasa ujae, na sura tatu za mwisho zimekimbizwa. Tangu tarehe 1 mpaka 20 Desemba usiisome kabisa. Kisha isome yote kwa siku nne au tano bila kurekebisha, ukiweka alama za aina tatu tu pembeni: mahali ulipochoka, mahali ulipochanganyikiwa, na mahali panapopingana na pengine. Tahajia iache. Ukianza na tahajia utasafisha kurasa ambazo baadaye utazifuta, na utaona uchungu kuzifuta kwa kuwa ni safi.

Anza na yanayopingana, kwa maana hayo yanaweza kuangusha sura nzima. Pale ulipochoka, jaribu kwanza kufuta kabla ya kuongeza kitu. Lugha iwe ya mwisho, na kwa rasimu ya Kiswahili iliyoandikwa mbio tunakuomba uanze na *-ka-*. Tazama:

*Akafika mlangoni, akagonga, akasubiri, akaona kimya, akageuka, akaondoka.*

Kila kitendo kina uzito uleule, na msomaji anapita juu yake kama anasoma ratiba. *-ka-* husukuma hadithi mbele, kwa hiyo ukiitumia kila mahali hakuna linalosimama. Tafuta kitendo kimoja chenye uzito, ukisimamishe:

*Alifika mlangoni akagonga. Kimya. Ndani redio ilikuwa ikisoma habari za saa mbili. Akagonga tena, safari hii kwa funguo.*

*Ilikuwa ikisoma* imetupa muda wa kusimama pale nje. *Akagonga* ya pili sasa ina hasira ambayo ya kwanza haikuwa nayo, na bado hatujamwambia msomaji kwamba mtu huyu amekasirika. Kuondoka kwake kumefutwa; kutakuja ukurasa unaofuata kama kutahitajika. Fanya hivi kurasa nne kwa siku, si zaidi, kwa sababu baada ya hapo jicho huanza kuzoea.

Kwa kasi hiyo mswada wa kurasa 200 unakula siku 50. Ukianza Krismasi imekwisha, utafika katikati ya Februari. Hapo ndipo utafute wa kumtumia, awe mchapishaji au tuzo kama ile ya Safal-Cornell ya miswada ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Soma masharti ya mwaka huo kabla hujapanga kurasa: idadi ya maneno, ukubwa wa herufi, na kama jina lako linaruhusiwa kuonekana ndani ya mswada.