Mkasi wa saluni: pima kiganja chako kabla ya kuuliza bei

Mdogo wangu, uzi wako hapa jukwaani niliuona jana usiku nikiwa nafunga banda, nikaona nisubiri asubuhi nikujibu kwa kirefu, maana jambo hili mimi limenigharimu. Umesema una laki mbili, unafungua saluni Makorora hapa Tanga, utakata ndevu, nywele za kina mama zilizowekwa dawa na za singa, na kuna mama wa Raskazone anataka umpunguzie mbwa wake manyoya kila mwezi. Unatafuta mkasi mmoja wa kazi zote. Halafu mwishoni kabisa ukaandika kwamba wewe ni mashoto. Mimi nipo Ngamiani, huu mwaka wa 14 nashika mkasi.

Naanza na hilo la shoto kwa sababu wachangiaji wote wamelipita. Mkasi wa kawaida umeundwa kwa mkono wa kulia: unapoufumba, gumba linasukuma na vidole vinavuta, na nguvu hiyo ndiyo inayoyabananisha mabapa mawili. Ukiushika kwa kushoto, nguvu ileile inayaachanisha. Unywele unaingia katikati, unajikunja, haukatiki. Utadhani mkasi ni butu, utaupeleka kunolewa, utarudi nao vilevile. Kijana niliyemfundisha kazi alihangaika hivyo hadi gumba likamvimba, na mimi nikimgombeza kwamba hajui kushika. Naumia nikikumbuka. Mkasi wa shoto wa kweli una mabapa yaliyogeuzwa, si matundu ya vidole tu. Uelekeze ncha mbele, ufungue, utazame: bapa la juu linapaswa kuwa upande wako wa kushoto, na hata ukiupindua litakalokuwa juu litabaki kushoto. Likiwa kulia, mrudishie muuzaji.

Urefu sasa. Kunjua kiganja, lilaze bapa juu ya kidole cha kati. Likilingana nacho, au kuzidi kidogo tu, huo ni wako. Mikasi hupimwa kwa inchi, kutoka ncha hadi mwisho wa tundu, bila kuhesabu kile kikia cha kuegemeza kidole kidogo. Kwa nywele za kina mama, wengi tunatumia inchi 5.5. Kwa kukata juu ya kitana, kama ndevu na nywele fupi za wanaume, 6.5 au 7 inakupa mstari ulionyooka kwa mikato michache. Wewe unayeanza na vyote viwili, chukua 6. Na chagua ule ambao tundu la gumba limesogea mbele kidogo kuelekea mabapa, halilingani na lile la pili. Gumba liingie hadi usawa wa kucha tu. Ukilizamisha lote, kiwiko kinapanda juu, na jioni bega ndilo linakudai.

Wengine hapa wamekutajia Seki ya Japani na Solingen ya Ujerumani. Ni kweli, ni miji ya visu na mikasi, na jina la Solingen linalindwa kwa sheria kwao tangu 1938. Lakini muhuri wa jina lolote unaweza kugongwa kwenye chuma chochote, kwa hiyo uliza chuma chenyewe. 440C, aina ya chuma kisichoshika kutu, ikichomwa vizuri inafika ugumu wa 58 hadi 60 kwa kipimo cha Rockwell, na makali yanadumu. Chuma cha VG-10 cha Japani ni bora zaidi, ila bei yake haiko kwenye laki mbili zako.

Na hapa kwetu kuna upepo wa bahari. Chuma kisichoshika kutu kinalindwa na utando mwembamba mno unaotokana na kromiamu iliyomo ndani yake, na chumvi inautoboa utando huo. Klorini ndiyo mbaya kabisa. Niliwahi kulaza mkasi usiku kucha kwenye maji ya klorini nikijua nausafisha, asubuhi nikakuta vidoa vya kahawia kuzunguka skrubu na vishimo kwenye makali. Safisha kwa spiriti, kausha, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye skrubu, kila jioni.

Kosa langu kubwa lilikuwa kumpa mnoaji wa baiskeli mkasi mzuri. Mkasi wa aina ile, uso wa nje umebinuka kama mgongo wa kijiko na wa ndani umechimbwa kidogo, ndiyo maana unateleza kwenye nywele. Yeye aliukandamiza kwenye jiwe kama kisu cha samaki, cheche zikaruka, akanirudishia unang'aa. Mteja wa kwanza alikuwa mzee mwenye nywele za singa. Nilipofumba mkato wa kwanza akashika kisogo: "Mwanangu, unaning'oa!" Nikatazama kwa taa: ubinuko umeisha, pamebaki mteremko mkali na mikwaruzo. Haukufufuka tena. Mtafute fundi wa mikasi ya saluni hata kama ni wa kutuma Dar.

Mbwa: hapana, usichanganye. Manyoya yake yana mchanga, na mchanga unakula makali. Tena mapunye huweza kutoka kwa mbwa kwenda kwa mtu, na wewe utaupeleka mkasi kwenye kichwa cha mtoto wa watu. Mnunulie wake, inchi 7, makali ya mteremko wa kawaida, ncha za mviringo maana mbwa hugeuza sikio ghafla. Rasta nazo zina mkasi wake, wowote wa bei rahisi.

Ningekuwa wewe, laki na ishirini ingeenda kwenye ule wa shoto, inchi 6, 440C. Wa mbwa elfu thelathini. Wa meno wa kupunguzia nywele usubiri. Dukani nenda na kishungi cha nywele kwenye bahasha, kiloweshe, ukate kwa ncha: nywele zikisukumwa badala ya kukatika, uache. Halafu shika tundu moja, ufungue mkasi uwe kama msalaba, uachie. Ukijifumba wote, umelegea, usipocheza, umekaza. Unatakiwa ushuke kidogo usimame. Muuzaji akikukataza kujaribu, toka. Ukikwama niandikie hapahapa, uweke na picha ya mabapa yakiwa wazi.