Mchwa walianza na maandalio ya somo

Nilistaafu ualimu mwaka 2023, miaka 60 kamili, ile ya lazima. Shule ya msingi, miaka 37, mingi yake wilayani Kilosa. Siku ya kukabidhi niliacha funguo za stoo na rejista. Sanduku langu la bati niliondoka nalo.

Ndani mlikuwa na maazimio ya kazi, maandalio ya somo, mitihani ya Hisabati ya enzi za stensili, na barua ya onyo ya 1994 ambayo hadi leo naona sikustahili. Mke wangu akauliza, "Haya makaratasi ya nini tena?" Nikamjibu kuwa vijana watayahitaji. Januari 2024 mtaala mpya ukaanza kutumika. Hakuna kijana aliyepiga hodi.

Mwenyewe nami sikutulia. Saa moja na nusu asubuhi niko shuleni, eti nasalimia. Nachungulia madarasani, nasahihisha walimu mbele ya wanafunzi wao. Mwalimu mkuu, binti niliyemfundisha darasa la nne, alinivumilia wiki kadhaa, kisha siku moja akanisindikiza hadi getini. "Mwalimu, kapumzike sasa. Tukikwama tutakuita." Nilinuna karibu mwezi mzima.

Kilichonizindua ni mchwa. Ilikuwa masika, chumba kinanuka udongo mbichi. Kusogeza sanduku, nikaona njia yao imepanda kutoka sakafuni hadi kwenye tundu la kutu. Maandalio ya somo yalikuwa yamegeuka unga. Hayo ningeyasamehe. Lakini chini kabisa, nilikofukia ili pawe salama, ndiko zilikokuwa hati ya nyumba na karatasi ya mauziano ya shamba langu la ekari tatu. Hati ilikuwa ndani ya nailoni, ikaliwa pembe tu. Karatasi ya shamba ilibaki kipande chenye nusu ya muhuri wa kijiji.

Aliyeniuzia alishafariki. Wanawe walipopata fununu wakaanza kusema baba yao alinikodisha tu. Miezi minane nilikuwa mtu wa kwenda na kurudi baraza la ardhi la kijiji, natafuta mashahidi. Kati ya wanne, wawili wako hai, mmoja kahamia Ifakara na magoti hayamruhusu kupanda basi. Nilimfuata huko huko. Shamba likapona, ila mimi nilikonda.

Basi wewe uliyestaafu, au unayehesabu miezi, leo jioni tenganisha nyaraka za mali na za kazi. Toa nakala, moja akae nayo mtoto anayeishi mbali nawe. Kama shamba la kijijini linasimama kwa karatasi ya mauziano peke yake, nenda halmashauri ya kijiji ukaombe hatimiliki ya kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakupa njia hiyo. Wosia nao uandike. RITA, ule wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanapokea na kuhifadhi. Wenzangu wengi wanauogopa kana kwamba ni kujitabiria kifo, na mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka niliposimama barazani na wale watoto wa marehemu, ambao kwa kweli hawakuwa waongo. Baba yao hakuwaambia kitu.

Kuhusu kiinua mgongo sina mengi, maana nilinunua bodaboda tatu kwa mpigo na mbili sijui ziliko.

Makaratasi yaliyosalimika nilimpa muuza karanga wa stendi. Barua ya onyo niliichoma mwenyewe, nyuma ya jiko, mke wangu akishuhudia.

Juzi nikanunua karanga za mia mbili. Kufungua, mwandiko wangu: swali la sehemu, mama na machungwa yake 24, na pembeni kwa wino mwekundu, "Wengi wamekosa." Swali lenyewe lilikuwa limechanika katikati. Karanga zilikuwa za moto, zimekolea chumvi.