Jungle Cruise na mtoto wa miaka mitatu

Dada, umeuliza kama Jungle Cruise, ile safari ya boti kwenye mto wa kutengenezwa katika bustani ya burudani ya Disneyland, kule Anaheim, Marekani, inamfaa mtoto wa miaka mitatu na bibi yake. Inawafaa wote wawili. Hawapimi urefu, boti inakwenda polepole, na safari nzima ni dakika chache tu. Bibi mshike mkono wakati wa kupanda, maana kuna kushuka kidogo kuingia botini.

Utamu wenyewe uko kwa nahodha. Boti inafuata reli iliyofichwa chini ya maji, kwa hiyo kazi yake kubwa si usukani, ni mdomo. Utani unamiminika kwa Kiingereza, mwingi ni wa kuchezea maneno, tena mbaya makusudi. Wewe cheka tu, au guna kwa sauti. Akiona abiria wamechangamka naye anazidi. Kaeni karibu naye mkiweza. Bibi asiyejua Kiingereza mtafsirieni machache, mengine yatakufa njiani. Subirini hasa pale boti inapopita nyuma ya maporomoko, utani wa hapo ni wa miaka na miaka.

Nendeni asubuhi lango likifunguliwa, au rudini usiku, taa zikiwaka mto unakuwa mwingine kabisa. Kila nahodha ana mtindo wake, hivyo mara ya pili si hasara.

Viboko na tembo ni mashine, mwambie mtoto mapema. Wangu alilia alipomwona kiboko, halafu akataka turudie.