Momentamu haijapotea, ni wewe hujaitafuta

Wadogo zangu, juzi mmoja wenu alinijia mbio, laptopu mkononi, macho yamemtoka, eti "kaka, molekuli yangu ya maji kwenye simulesheni imeanza baridi kabisa, J (jumla ya momentamu ya mzunguko) karibu na sifuri, nimeipiga fotoni ya 121.6 nm, sasa OH inatoka inazunguka hadi N (namba ya mzunguko wake) 40, hii momentamu imetoka wapi, programu ina bagi?" Nikamuuliza, hidrojeni iko wapi? Kimya. Hidrojeni ilishaondoka na L yake, yaani momentamu ya mzunguko inayotokana na vipande viwili kupishana, ukubwa uleule ila mwelekeo wa kinyume, na fotoni inaleta uniti moja tu, kwa hiyo ukijumlisha vekta unarudi palepale karibu na sifuri. Huyo ni wa tatu kuniuliza hivyo, ndiyo maana nimekaa kuandika. Sina hasira. Ninayo kidogo.

1. J ni vekta. Mwanzoni ni L + j (j ni ya molekuli kujizungusha yenyewe), mwishoni ni L' + j', kwa hiyo chapisha komponenti zote tatu kwa kila trajektori (mgongano mmoja uliosimuletiwa), mwanzo na mwisho, msiniletee ukubwa peke yake. Zikitofautiana, punguza stepu ya muda kwanza, fizikia baadaye. Na j' inapimwa kutoka kitovu cha masi cha molekuli yenyewe, sio cha mfumo mzima. Hili sirudii tena.

2. Piga hesabu ya masi kabla hujarun chochote. Kwa A + BC kwenda AB + C (atomu A inamchukua B na kumwacha C), chukua mA × mC ugawanye kwa (mA + mB)(mB + mC). Kwa riaksheni ya moja kwa moja, hiyo namba inakuonyesha takribani sehemu gani ya L itabaki kuwa L', na iliyobaki inahamia kwenye j' (ukiongeza mchango wa j, na wa msukumo wakati vipande vinaachana, lakini anzia hapo). Cl + HCl inakupa kama 0.95, yaani L inabaki L, hidrojeni inarushwa tu kutoka mkono huu kwenda ule. H + H2 inakupa 0.25. Sasa weka Ba + HI: 138 gawanya kwa 265 × 128, unapata 0.004. Karibu L yote inaishia kwenye mzunguko wa BaI! Na ukifikiri haishangazi, masi rejeshi (masi mbili zikizidishwa, ukagawanya kwa jumla yake) inashuka kutoka kama 66 hadi 1, kihidrojeni kinachobaki kitabebaje mzigo wote ule? Herschbach, Lee na Polanyi walipewa Nobel ya kemia 1986 kwa kuchungulia mambo ya namna hii, nyinyi mna kalkuleta kwenye simu na bado hampigi.

3. Sampo ya b, yaani umbali wa pembeni ambao atomu ingeipita molekuli kama ingeenda mstari mnyoofu; bmax ndiyo b kubwa kuliko zote. Hapa vuteni viti.

Nikiwa mgeni kama nyinyi nilipewa mfumo wa aina hiyohiyo, atomu nzito inachukua atomu nzito na kuiacha hidrojeni. Nikaandika skripti yangu mwenyewe kwa mbwembwe, nikarun trajektori usiku na mchana, nikachora P(j'), yaani uwezekano wa kila j'. Ikatoka bapa kama meza, kutoka sifuri hadi juu kabisa, halafu inakatika ghafla. Mimi nikaona hapa nimegundua kitu. Nikatunga hadithi nzima ya komplexi (atomu zote zimeshikana) inayoishi muda kidogo na kugawa momentamu sawasawa kwa kila mtu, nikatengeneza posta ina mishale ya rangi tatu, nikaisimamia mbele ya watu, na nilisema neno "mekanizimu mpya" kwa sauti, zaidi ya mara moja. Mama mmoja mtu mzima akasimama muda mrefu anaangalia grafu, halafu akauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, wastani wa b yako ni ngapi?" Nikajibu kwa kujiamini, nusu ya bmax. Akatabasamu, akaniambia pole, akaenda zake.

Usiku ule ndio nikaelewa ile pole. Nilikuwa nimeandika b = bmax × random (namba ya nasibu kati ya 0 na 1). Lakini shabaha ni duara jamani, pete ya nje ni kubwa kuliko ya ndani, inatakiwa bmax × kipeuo cha pili cha random, na wastani uwe theluthi mbili ya bmax. Ndani ya nusu ya bmax inatakiwa ianguke robo tu ya trajektori, zangu zilianguka nusu nzima. Na kwa sababu L ni μvb (masi rejeshi × kasi × b), na kwenye mfumo ule j' ni kama L yenyewe, riaksheni ilikuwa inanipigia picha ya mstari wangu mbovu na mimi naiita ugunduzi. Ile P(j') ilitakiwa iwe pembetatu inayopanda hadi inapokatika. Miezi mitano. Kilichoniokoa ni kwamba sikulazimika kurun upya, unaipa kila trajektori uzito sawia na b na pembetatu inajitokeza yenyewe, ila upande wa b kubwa, palepale penye uzito, nilikuwa na trajektori chache na era baa ndefu za kutia aibu.

Posta ninayo bado. Sionyeshi mtu.

4. j' ya klasiko itatue kutoka j'(j' + 1), ambayo ni mraba wa momentamu ya mzunguko ukigawanya kwa ħ mraba, halafu ndio uraundi. Prodakti ikiwa OH au NO usichanganye N na j (N ni bila spini, j ni pamoja nayo), kuna spini ya elektroni pale, na trajektori zenu haziijui.

5. Skripti ya kukagua J iko kwenye folda ya grupu, chukueni. Mstari wa b nimeuwekea komenti kwa herufi kubwa na alama za mshangao nne, msiufute.