Ndege za Kuzima Moto wa Nyika: Nani Huruhusu, Nani Hukataza?

Picha za Januari 2025 za ndege zikimwaga maji na dawa nyekundu juu ya vilima vya Los Angeles zimewafanya wasomaji wengi watuulize ni nani huamua ndege ipae, imwage wapi, na kwa nini wakati mwingine moto huendelea kuwaka ilhali ndege zimeegeshwa uwanjani. Majibu yafuatayo yanaegemea zaidi kanuni za Marekani, pamoja na tukio moja la Australia ambalo halifai kuachwa.

Swali: Ndege kubwa na helikopta hufanya kazi juu ya moto mmoja, katikati ya moshi. Huwezaje kuepukana?

Jibu: Anga iliyo juu ya moto hupangwa kwa ngazi. Eneo linaloenea maili 5 za baharini kila upande, yaani takriban kilomita 9, huwa chini ya msimamizi wa anga, ambaye huzunguka ndani ya ndege ndogo kwenye kimo cha futi 2,500 hivi kutoka ardhini. Chini yake, kati ya futi 1,000 na 1,500, hupita ndege zenye matangi, na helikopta hubaki kwenye futi 500 au chini ya hapo. Rubani anayewasili hutakiwa kuita kwa redio akiwa bado umbali wa maili 12, na asipojibiwa haruhusiwi kuvuka maili 7. Atazunguka hapo hapo mpaka apewe idhini.

Msimamizi huyo hajichagulii pa kumwaga, bali hufuata malengo ya kamanda aliye ardhini. Jambo hili husahaulika kwa urahisi, kwa kuwa kamera hupenda ndege kuliko majembe. Dawa humwagwa mara nyingi mbele ya moto, si juu ya ndimi zake, ili kuupunguza kasi na kuwapa watu wenye misumeno na matingatinga muda wa kusafisha njia ya kuzuia moto. Pasipokuwa na watu wa kuikamilisha kazi hiyo, moto hupenya au huzunguka ule mstari mwekundu na kuendelea na safari yake.

Swali: Droni yangu ina uzito mdogo kuliko kuku. Inawezaje kusimamisha ndege ya tani kadhaa?

Jibu: Tarehe 9 Januari 2025, droni ya mtu binafsi iligonga ndege aina ya CL-415 kutoka Quebec nchini Kanada, iliyokuwa ikipambana na moto wa Palisades huko Los Angeles, ikatoboa tundu kwenye bawa lake. Marubani walitua salama, lakini ndege hiyo iliondolewa kazini kwa siku kadhaa kwa ajili ya matengenezo, wakati ambapo kila tangi la maji lilihitajika. Ndege ya aina hiyo hujaza lita zipatazo 6,000 kwa kuteleza juu ya maji kwa sekunde 12 hivi, kwa hiyo kuipoteza kwa siku moja tu ni kupoteza mizunguko mingi.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) huifunga kwa muda anga ya eneo la moto, na katazo hilo linahusu droni sawasawa na ndege nyingine. Sheria ya mwaka 2018 imelifanya kuwa kosa la jinai kurusha droni na kuingilia kazi ya kuzima moto wa nyika, kwa adhabu inayoweza kufikia kifungo cha miaka 2, na FAA yenyewe inaweza kutoza faini ya hadi dola 75,000. Binafsi sioni ukali wowote hapo. Droni ikionekana tu, hata bila kugonga kitu, kazi ya angani husimamishwa, na anayelipa gharama ni mwenye nyumba iliyo mbele ya moto.

Swali: Jeshi la Marekani lina ndege nyingi. Kwa nini lisitumwe mara tu moto unapozuka?

Jibu: Kwa sababu utaratibu unataka kampuni binafsi zenye mikataba zitangulie. Idara ya Misitu inamiliki mitambo 8 inayoweza kupachikwa ndani ya ndege za kijeshi aina ya C-130, kila mmoja ukibeba takriban lita 11,000 za dawa na kuzimwaga kwa muda usiozidi sekunde 5. Mitambo hiyo huitishwa pale ndege za kukodi zinapokuwa zimeshapangiwa kazi zote au hazipatikani. Kanuni hii imelalamikiwa mara nyingi, na kuna nyakati ambapo imeonekana kuchelewesha msaada. Lakini kampuni hizo huweka ndege na marubani tayari msimu mzima, na zisingeweza kufanya hivyo kama serikali ingekuwa inashindana nazo kila siku.

Swali: Kwa nini ndege kubwa hazifanyi kazi usiku, wakati moto umepoa?

Jibu: Kwa sababu hupita chini mno juu ya vilima, nyaya na miti. Hata zikiwa na msimamizi wa anga au ndege ndogo ya kuongoza, inayotangulia kuonyesha njia, huruhusiwa kufanya kazi tangu nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Kazi ya usiku huachiwa zaidi helikopta chache zenye marubani waliofunzwa kutumia miwani ya kuonea gizani.

Swali: Ile dawa nyekundu haidhuru mito?

Jibu: Hudhuru. Ukiondoa maji, sehemu yake kubwa ni chumvi za fosfati na amonia, ambazo shambani zingeitwa mbolea lakini ndani ya kijito huua samaki. Tangu mwaka 2011 Idara ya Misitu imejiwekea mpaka wa futi 300, karibu mita 90, kila upande wa mto au ziwa, na ruhusa ya kuuvuka hutolewa pale tu uhai au usalama wa watu unapokuwa hatarini. Hata hivyo dawa iliendelea kuangukia majini, na mwezi Mei 2023 jaji mmoja wa shirikisho huko Montana aliamua kwamba idara hiyo ilikuwa ikivunja sheria ya maji safi kwa kuimwaga bila kibali. Hakuisimamisha, ila aliitaka idara iendelee na mchakato wa kupata kibali huku ikiitumia.

Swali: Rubani anaweza kukataa kazi?

Jibu: Anaweza, na haki hiyo haina mjadala. Tatizo ni nani mwingine anaambiwa kwamba amekataa. Tarehe 23 Januari 2020, ndege ya C-130 iliyokodiwa kutoka Marekani ilianguka karibu na Peak View, New South Wales, ikawaua Wamarekani watatu waliokuwamo. Uchunguzi wa Ofisi ya Usalama wa Usafiri ya Australia (ATSB) ulionyesha kwamba rubani wa ndege ndogo ya kuongoza alikuwa ameikataa safari ya siku hiyo kwa sababu ya upepo, lakini hapakuwa na utaratibu wa kuhakikisha kwamba uamuzi kama huo unawafikia wafanyakazi wa ndege nyingine zinazotumwa. Kwa maoni yangu, upungufu huo ulikuwa mzito kuliko kasoro yoyote ya chuma, kwa sababu onyo lilikuwapo tayari na lilihitaji mtu wa kulipitisha tu.

Swali: Nikiwa ardhini na ndege ikaja kumwaga, nifanye nini?

Jibu: Kwanza ondoka kwenye mstari wake, kwa kuwa ndege haipaswi kumwaga kabla haijathibitishwa kwamba chini hakuna watu. Mwezi Agosti 2018 huko California, ndege aina ya Boeing 747 ilimwaga zaidi ya lita 70,000 ikiwa futi 100 tu juu ya vilele vya miti, kwa sababu kilima kilichofichwa na uoto hakikuonekana. Miti iling'oka na kiongozi mmoja wa zimamoto akafariki. Askari wa zimamoto aliyeshindwa kutoka hufundishwa kulala kifudifudi, kofia ngumu kichwani, kichwa kikielekea ndege inakotoka, na kukiweka kifaa chake cha kazi kando, mbali na mwili.