Usimkalishe benchi mdunguaji wako Jumamosi

Mkuu, usimtoe huyo kijana. Nimesoma uzi wako wote: mdunguaji wako, mtupaji wa mbali wa timu yako ya mpira wa kikapu, hajafunga kitu mechi tatu, unauliza kama aanzie benchi kwenye nusu fainali, umpe mazoezi gani, na umjibu nini baba yake anayekupigia simu kila usiku. Hilo la kwanza ndilo litakalokumalizia msimu, kwa hiyo naanza nalo.

Mimi wangu nilimtoa. Nusu fainali kama yako, ligi ya mkoa, tunaongoza, na yeye kila anachotupa kinagonga ringi. Kwenye benchi letu alikaa mzee mmoja aliyejiita mshauri wa timu. Kila mpira ulipodunda nje alinisogelea sikioni: "Kocha, huyu anatuzamisha, mkalishe apate akili." Kota ya tatu nikamsikiliza. Nikamwingiza kijana mwepesi, mkabaji mzuri sana, ila wa kutupa kutoka mbali hayumo.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana hakikuhusu mitupo kabisa. Mdunguaji alipokuwa uwanjani, hata akikosa, mkabaji wake hakuthubutu kumwacha kona. Kwa hiyo pivoti wetu, yule mrefu wa timu, alikuwa akipokea mpira chini ya kikapu na mtu mmoja tu mgongoni, anageuka anafunga. Alipotoka tu, kocha wao akainua mkono na timu yake ikaingia zoni, yaani kila mmoja anakaba eneo badala ya mtu. Wanne wakajaa ndani, wakamwacha yule mwepesi wangu kona peke yake kama mtu aliyeachwa na daladala. Pivoti akishika mpira anazungukwa na watatu. Gadi wangu, mwongoza mpira, aliyekuwa anapenya kwa raha akakuta ukuta. Tukapoteza mpira, tukapoteza tena, na uongozi wote ukaisha kabla kota ya nne haijafika katikati.

Nikamrudisha. Hapo ndipo nilipoona hasara yenyewe. Akapata mpira akiwa wazi kabisa, mahali anapopapenda, akageuza macho kwenye benchi, kisha akampasia mwenzake aliyekabwa. Kijana ambaye zamani hakuwa na muda wa kufikiri! Mechi tulifungwa, na hiyo ningeisahau. Lakini aliendelea kutazama benchi kabla ya kutupa hadi msimu uliofuata, na kumrudisha alivyokuwa ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya na mchezaji mmoja.

Na yule mzee? Kwenye kikao aliwaambia viongozi kwamba kocha "alichelewa kumtoa". Hasira hiyo bado ninayo. Mtu wa namna ile angemkalisha hata Stephen Curry wa Golden State Warriors. Novemba 2016 Curry alikosa mitupo yote 10 ya pointi tatu dhidi ya Lakers. Mechi iliyofuata, dhidi ya Pelicans, akafunga tatu 13, rekodi ya NBA, ligi kuu ya Marekani, wakati ule. Na fainali za 2022, mechi ya tano, alitupa tisa za mbali bila kupata hata moja, Warriors wakashinda 104 kwa 94. Wapinzani wao Boston waliendelea kumkaba kama kawaida, na mwenzake Andrew Wiggins akaondoka na pointi 26. Steve Kerr, kocha wa Warriors, hakuwa anafanya sadaka kumwacha uwanjani. Alijua mtu anayeogopwa anawafungulia wenzake njia hata siku mkono wake umekataa.

Piga hesabu pia, mkuu. Mtu anayefunga asilimia 40 ya mitupo yake ya mbali, uwezekano wa kukosa mitano mfululizo ni karibu asilimia 8. Ina maana kwenye msimu wa mechi 25 utegemee kama mara mbili aanze mechi kwa kukosa mitano, bila kuumwa, bila kugombana na mtu, bila kurogwa.

Najua humu ndani kuna watakaokuletea mfano wa John Starks, gadi wa New York Knicks. Juni 22, 1994, mechi ya saba ya fainali kule Houston: alitupa 18 akafunga 2, za pointi tatu akakosa zote 11, na Knicks wakafungwa 90 kwa 84 huku mdunguaji mwingine, Rolando Blackman, akiwa benchi bila kuguswa. Kocha wao Pat Riley mwenyewe baadaye alisema anajutia kutomwingiza Blackman. Mfano ni wa kweli, siupingi. Lakini itazame tena kota ya nne ya mechi ile. Starks alikuwa anatupa kwa pupa, anataka kufidia yote kwa mpira mmoja. Mechi ya sita tu alikuwa amefunga pointi 27 na karibu awape ubingwa, kwa hiyo mkono alikuwa nao. Kilichoharibika ni uchaguzi wa mitupo, na hilo kocha aliyeko pembeni analiona bila kusubiri matokeo.

Ndiyo maana nakwambia tazama mtupo wenyewe, usitazame kama umeingia. Yuko wazi? Miguu imetulia? Mpira ulimfikia kwa mpangilio wenu? Basi akose hata kumi, abaki. Akianza kutupa mbele ya mikono ya watu wawili, au mipira yake yote inafia mbele ya ringi kwa sababu miguu imechoka, au ameacha kukaba kwa sababu amenuna, mpumzishe dakika mbili, umwambie sababu kwa maneno, umrudishe. Nick Nurse, kocha wa Toronto wakati ule, alimpunguzia gadi wake Fred VanVleet dakika mwaka 2019 alipokuwa hapati kitu dhidi ya Philadelphia, lakini hakumfuta. Fainali ya Kanda ya Mashariki, mechi ya tano, VanVleet akafunga 7 kati ya 9 za mbali, na Toronto wakachukua ubingwa.

Jumamosi mwanzishe. Mpira wa kwanza kabisa mchoreeni akate kwenda chini ya kikapu, aone nyavu zinacheza au apate mitupo huru, kisha ndiyo atoke nje kupiga tatu. Na usimwambie "leo nakuamini". Atajua kwamba jana hukumwamini.

Kama kuna mtu alirekodi hizo mechi tatu, weka video hapa leo. Nataka kuona anatupa kutoka wapi na anakabwa na nani.