Medicare na makazi ya wazee

Dada, umeuliza kama Medicare, yaani bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, italipia mama akae nyumba ya wazee hapo Marekani. Makazi ya kudumu hailipii. Inalipia uuguzi wa kitaalamu wa muda tu, kwa kawaida baada ya kulazwa hospitali siku 3 mfululizo: siku 20 za mwanzo hamchangii, kuanzia ya 21 mnachangia, mwisho siku 100. Tafadhali sana, waulizeni hospitali kama mama amelazwa rasmi au yuko chini ya uangalizi tu, maana siku za uangalizi hazihesabiwi hata akilala wodini. Familia nyingi huumia hapo. Kuogeshwa, kuvishwa na kulishwa kwa muda mrefu hulipiwa na Medicaid, mpango mwingine wa afya wa serikali, kwa wenye kipato na akiba ndogo. Ulizia jimboni kwenu pia huduma za nyumbani.